Ethili asetati: ogopa hewa iliyo juu ya chupa

Katika stoo ya maabara ninayofanyia kazi, rafu ya chini kabisa, kuna chupa za kahawia za lita mbili na nusu kila moja. Moja kati ya hizo wanafunzi huipenda sana. Ukilegeza kifuniko tu, chumba kizima kinanukia tunda lililoiva likapitiliza, au saluni siku ya Jumamosi pale dada wa kucha anapofungua kichupa chake. Wanafunzi wapya huinama waivute vizuri, na mimi kila mwaka nina kazi ya kuwainua. Kwa pumzi moja hawatapata hata maumivu ya kichwa. Ninachokichunga ni kingine: mtu akishaamini kwamba kinachonukia vizuri hakina neno, huyo ndiye atakayekuja kukiweka jirani na moto.

Chupa hiyo ni ya ethili asetati. Vitabu vya shule siku hizi huiita ethili ethanoeti, na ni kitu kilekile. Hata kama hujawahi kukanyaga maabara, mmeshakutana. Imo kwenye rangi ya kucha na kwenye dawa nyingi za kuiondoa, imo kwenye tina za rangi, kwenye gundi, kwenye wino wa kuchapia mifuko ya biskuti. Imo pia kwa kiasi kidogo sana kwenye bia na mvinyo, maana chachu hutengeneza esta hii yenyewe wakati wa kuchacha, na katika esta zote za kwenye bia hii ndiyo nyingi kupita nyingine. Mbege ikianza kuharibika na kunukia kama tina, pua yako inakutana nayo hapo.

Kihistoria ni mzee. Mwaka 1759 mwungwana mmoja wa Ufaransa, Comte de Lauraguais, alikeneka mchanganyiko wa spiriti na asidi ya siki, yaani aliuchemsha, akaukamata mvuke na kuupoza, akapata kimiminika hiki chenye harufu ya matunda. Wajerumani wakakiita Essigäther, maana yake etha ya siki. Mwaka 1848 mwanakemia Leopold Gmelin akalifupisha jina hilo kuwa neno tunalolitumia leo, esta, akalitandaza kwa ukoo mzima. Kwa hiyo ukoo wote wa esta umebeba jina la chupa hii moja.

Asidi, alkoholi na maji yanayodondoka

Esta hupatikana pale asidi ya kaboksili inapoungana na alkoholi. Hapa asidi ni ile iliyomo kwenye siki, na alkoholi ni ethanoli, ileile ya spiriti na ya pombe. Zikishikana, molekuli moja ya maji hudondoka pembeni. Kinachobaki huandikwa CH₃COOC₂H₅: upande mmoja kipande cha siki, upande wa pili kipande cha ethanoli, katikati oksijeni inayoviunganisha.

Swali lililowasumbua wakemia kwa muda mrefu linaonekana dogo: maji yale yanachukua oksijeni ya nani? Ya asidi au ya alkoholi? Kwa macho huwezi kujua, maana oksijeni zote ni sawa. Mwaka 1938 Irving Roberts na Harold Urey, Mmarekani aliyegundua hidrojeni nzito, walitumia oksijeni yenye uzito usio wa kawaida kama alama, wakafuatilia inakwenda wapi. Walifanya kazi hiyo kwa asidi ya benzoiki na methanoli. Jibu: oksijeni inayotoka na maji ni ya asidi, alkoholi inabaki na yake. Napenda kuwaeleza wanafunzi habari hii kwa sababu wengi wao hukariri kinyume chake, wakifikiri alkoholi ndiyo inayotoa.

Ukoo wenyewe ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Mafuta ya kupikia ni esta, tatu tatu zimebebwa na gliserini moja. Harufu ya ndizi mbivu inatokana zaidi na esta iitwayo isoamili asetati, na nyuki huitoa esta hiyohiyo pale anapouma, kuwaita wenzake waje kusaidia. Ndiyo maana wafugaji wa nyuki huonywa wasiende kwenye mizinga wakitafuna ndizi. Mafuta ya karafuu ya Pemba, ukiacha yujenoli ambayo ndiyo sehemu kubwa, yana esta yake, yujenili asetati. Ethili asetati ni mdogo na mwepesi katika ukoo huu, na wepesi huo ndio unaoeleza mazuri yake yote pamoja na balaa lake.

Kwa nini jaribio la darasani hutoa kidogo

Jaribio la shule kila aliyesoma kemia amelifanya au ameliona: ethanoli kidogo, asidi ya siki iliyokolea, matone machache ya asidi ya salfuriki, neli ikawekwa ndani ya bika ya maji ya moto. Baada ya dakika kadhaa unamimina kwenye maji baridi yenye sodiamu kaboneti, povu linapanda, na harufu ya tunda inakuja. Mwalimu anasema esta imepatikana. Mwanafunzi mdadisi anauliza mbona bado nanusa siki?

Ana haki ya kuuliza. Mmenyuko huu haufiki mwisho. Esta inavyozaliwa, baadhi yake hukutana tena na maji na kurudi kuwa asidi na alkoholi. Baada ya muda kuzaliwa na kurudi kunakwenda kwa kasi moja, na ukitazama kwa nje unaona kila kitu kimetulia. Wafaransa Berthelot na Péan de Saint-Gilles walilipima jambo hili miaka ya 1860, na namba inayotokana na mizani hiyo ni kama 4. Tafsiri yake kwa lugha ya jikoni: ukichanganya asidi na alkoholi kwa idadi sawa ya molekuli, theluthi mbili zitakuwa esta na theluthi moja itabaki kama ilivyokuja, hata ukichemsha hadi kesho.

Unaweza kuihadaa mizani. Ukiweka alkoholi mara mbili ya asidi, asilimia 85 hivi ya asidi itageuka esta. Ukiweka mara tatu, utafika 90. Angalia faida inavyopungua: mara ya kwanza umeongeza alkoholi ukapata nyongeza kubwa, mara ya pili umeongeza kiasi kilekile ukapata pointi tano. Ndiyo maana viwandani hawategemei kumwaga alkoholi tu. Huitoa esta kwa kuikeneka kadiri inavyotokea, mizani ikakosa cha kurudisha nyuma. Asidi ya salfuriki haiongezi chochote kwenye hesabu ya mwisho. Kazi yake ni kuharakisha safari, na ikiwa nyingi inasaidia pia kunyonya maji.

Hata kukeneka kuna mtego. Esta safi huchemka nyuzijoto 77 za Selsiasi, lakini ikiwa pamoja na maji huchemka kama nyuzi 70 na zikapanda mvuke mmoja, maji asilimia 8 hivi kwa uzito. Kinachodondoka kwenye chupa ya kupokelea kinaonekana safi kama machozi, kumbe kimebeba maji, ethanoli na asidi kidogo. Inabidi kukiosha: kwanza na kaboneti kuua asidi, halafu na maji yaliyoshiba kalsiamu kloridi, ambayo huinasa ethanoli, mwisho kukausha na chumvi isiyo na maji. Kazi ya kusafisha ni ndefu kuliko kazi ya kutengeneza, na mwanafunzi anayeharakisha hapo hupata kimiminika kinachochemka kwenye joto lisiloeleweka.

Safari ya kurudi nyuma inaeleza pia tabia ya chupa kuukuu. Ethili asetati iliyokaa miaka na kifuniko kilicholegea hunyonya unyevu na kurudi polepole kuwa siki na ethanoli. Ukifungua ukasikia uchachu chini ya utamu, jua imeanza. Ukiiweka na kostiki soda, haisubiri miaka. Inavunjika papo hapo na hairudi tena, njia ileile ambayo mafuta ya nazi au mawese hugeuka sabuni.

Kiyeyushi cha katikati

Sasa kwa nini maabara nyingi duniani zinainunua kwa lita? Kwa sababu imekaa katikati. Kuna viyeyushi vinavyopenda maji, kama methanoli, na vinavyopenda mafuta, kama heksani. Ethili asetati inapenda pande zote mbili bila kuzama upande wowote. Maji ya mililita mia huyeyusha kama gramu 8 tu za esta hii. Zilizobaki huelea juu, kwa sababu mililita moja yake ina gramu 0.90 tu.

Chukua mtafiti anayechunguza majani ya mwarobaini. Amechemsha majani, ana maji ya kijani yenye kila kitu ndani. Anayamimina kwenye faneli ya kutenganishia, anaongeza ethili asetati, anatikisa. Dawa nyingi za mimea zina sifa ya kati: hazipendi maji sana wala mafuta sana. Zinahamia juu kwenye esta, huku sukari na chumvi zikibaki chini kwenye maji. Anafungua koki, maji yanatoka, esta inabaki na alichokitaka. Kisha anaivukiza kwa joto dogo, maana inachemka nyuzi 77 tu, na anabaki na kitu kinachonata chini ya chupa. Katika karatasi za utafiti wa mitishamba kutoka vyuo vyetu utakutana na mfuatano huu mara kwa mara: heksani kwanza, ethili asetati katikati, methanoli mwisho.

Tahadhari moja ya faneli. Ukiosha esta yenye asidi kwa kaboneti, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ndani ya chombo kilichofungwa. Kila baada ya kutikisa mara mbili tatu, pindua faneli bomba la chini liwe juu, lielekeze mbali na uso wa mwenzako, fungua koki gesi ipumue. Nimeona kizibo kikiruka hadi darini kama cha soda iliyotikiswa, na nusu ya kazi ya wiki ikaishia kwenye koti la msichana aliyekuwa amesimama karibu.

Kazi nyingine ya kila siku ni kromatografia ya sahani nyembamba, kile kijibati chenye unga mweupe wa silika ambacho wino hupanda na kujitenga kuwa madoa. Heksani peke yake haisukumi madoa mengi, methanoli inayasukuma yote hadi juu kama mafuriko. Heksani na ethili asetati kwa uwiano unaoubadilisha, tatu kwa moja, moja kwa moja, ndiyo usukani. Nikiulizwa nianze na nini, jibu langu ni hilo, na mara nyingi sihitaji la pili.

Nje ya maabara inafanya kazi mbili za ajabu kidogo. Ya kwanza ni kutoa kafeini kwenye kahawa. Kahawa ya kwanza ya kibiashara isiyo na kafeini, kazi ya Ludwig Roselius wa Bremen mwanzoni mwa karne ya 20, ilitolewa kafeini kwa benzini, kitu ambacho leo tunajua kinasababisha saratani. Ethili asetati ni mojawapo ya vilivyokuja kuchukua nafasi hiyo. Nchini Colombia huitengeneza kutokana na miwa na kuiuza kahawa hiyo kwa jina la miwa. Ulaya inaihesabu miongoni mwa viyeyushi vinavyoruhusiwa kutengenezea chakula. Ya pili ni kuua wadudu wa makumbusho. Wakusanyaji huweka plasta ya jasi chini ya chupa, wanailowesha esta, wanamtumbukiza kipepeo au mbawakawa. Anakufa upesi na viungo vyake vinabaki laini kwa kupangwa, tofauti na zamani walipotumia sianidi. Ubaya wake umekuja kujulikana baadaye: mvuke huo huharibu DNA, kwa hiyo anayetaka kuchunguza nasaba ya mdudu atumie ethanoli.

Moto uko hewani

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu wengi hukiogopa kimiminika chenyewe: wanaogopa kisiwaguse, kisiwamwagikie. Kimiminika hakiwaki. Kinachowaka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na ili uwake lazima uwe kati ya asilimia 2 na asilimia 11.5 hivi ya hewa hiyo. Chini ya hapo ni mchache mno, juu ya hapo umeziba oksijeni.

Ethili asetati inatoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia nyuzi 4 chini ya sifuri. Hakuna maabara ya Afrika Mashariki iliyo na baridi hiyo. Maana yake ni kwamba popote ulipo, Njombe mwezi wa saba au Tanga mwezi wa pili, chupa iliyo wazi ina mvuke wa kuwaka mdomoni mwake.

Tazama hesabu hii, kwa sababu inashangaza. Asubuhi ya baridi, chumba kikiwa nyuzi 20, hewa iliyofungiwa ndani ya chupa yenye esta nusu ina mvuke kama asilimia 10. Hiyo imo ndani kabisa ya eneo la kuwaka. Mchana wa Dar es Salaam, nyuzi 30, hewa hiyo ina asilimia 15 na zaidi; ni nzito mno kuwaka ndani ya chupa, lakini ukiifungua inakutana na hewa ya nje na mahali fulani kati ya mdomo wa chupa na meza inapita kwenye kipimo cha kuwaka. Na friji la nyumbani, ambalo watu huliamini kwa kuwa lina ubaridi? Kwenye nyuzi 4 mvuke ni asilimia 4, palepale katikati, na ndani ya friji hilo kuna swichi ya kupima joto na taa ya mlangoni, vyote vikiweza kutoa cheche. Kifuniko kikivuja usiku, asubuhi mlango unaweza kuruka. Kwenye friji la nyumbani esta haiingii, hata kwa saa moja.

Kisha mvuke huu ni mzito mara tatu ya hewa. Haupandi darini kama moshi. Unashuka mezani, unatambaa, unadondoka sakafuni, unaingia kwenye kona. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mwanafunzi katika maabara moja, mwenzetu alikuwa akimimina ethili asetati mwisho mmoja wa meza ndefu. Mwisho wa pili, karibu mita mbili, mwingine akawasha taa ya spiriti. Tukaona utandu wa buluu ukitembea juu ya meza, bila haraka, kama mtu anayevuta kitambaa, ukafika kwenye mdomo wa chupa na kukaa hapo ukiwaka. Mwalimu aliweka bamba la saa, kile kisahani cha kioo cha maabara, juu ya mdomo, moto ukazimika. Hakuna aliyeungua, ila nusu yetu tulikuwa tumeshatoka nje. Tangu siku hiyo umbali wa mita mbili kwangu si umbali.

Ukubwa wa jambo uko hapa: lita moja ya esta hii ikiyeyuka yote hewani hugeuka lita 250 hivi za mvuke, na mvuke huo unaweza kuifanya hewa ya mita 12 za ujazo iwe ya kuwaka. Hicho ni chumba cha stoo, sakafu hadi dari.

Kwa hiyo kanuni za kazi zinatokana na hapo, huna haja ya kuzikariri. Pasha joto kwa maji ya moto yaliyochemshwa kwingine. Usitumie mwali, wala jiko la umeme lenye koili inayoiva kuwa nyekundu, maana esta hii hujiwasha yenyewe kwenye nyuzi 427 na koili inapita hapo. Zima miali yote chumbani kabla ya kufungua chupa, hata ya mbali. Mimina ndani ya kabati la kuvutia mvuke likiwa linafanya kazi. Kama halipo, fungua madirisha na milango ya pande mbili upepo upite chini pia. Mapipa makubwa ya chuma yaunganishwe kwa waya na ardhi wakati wa kumimina, kwa sababu kimiminika kinachotiririka huzalisha umeme tuli.

Moto ukitokea, usimwagie maji kwa nguvu. Esta huelea, nayo itasafiri juu ya maji hayo ikiwaka hadi miguuni mwako. Kwa chombo kidogo, funika. Kwa mkubwa zaidi, mtungi wa poda au wa kaboni dayoksaidi. Zimamoto wana povu maalumu la vimiminika vya aina ya alkoholi, maana povu la kawaida huvunjwavunjwa nacho.

Sumu yake, mapafu, ngozi na vikombe

Kwa upande wa sumu ni mpole kuliko sifa zake za moto. Kwa panya waliolishwa, kipimo kinachoua nusu yao ni kama gramu 5.6 kwa kila kilo ya uzito. Chumvi ya mezani inaua kwa kama gramu 3. Ikiingia mwilini, vimeng'enya vya damu huikata haraka kuwa ethanoli na asidi ya siki, vitu ambavyo mwili unavijua. Hii haimaanishi mtu ainywe.

Kinachokamata watu ni kuvuta mvuke wake mwingi: macho kuwasha, koo kukauka, kisha kizunguzungu na usingizi. Marekani sheria inaruhusu sehemu 400 kwa kila milioni ya hewa kwa siku ya kazi ya saa nane. Ulaya wamependekeza 200. Ili uone 200 ni kidogo kiasi gani, kijiko kimoja cha chakula kikimwagika na kuyeyuka katika chumba cha mita tatu kwa mbili na nusu kisicho na upepo kinatosha kukifikisha hapo. Saluni ndogo ya kucha isiyo na dirisha inaweza kufika kwenye kipimo hicho bila mtu kujua, na anayeumia zaidi ni dada anayeshinda humo, maana mteja anatoka baada ya nusu saa. Pua haisaidii sana: mwanzo unainusa ikiwa kidogo mno, baada ya muda pua inazoea na unaona kama imekwisha. Na kiwango ambacho Wamarekani wanakiita hatari ya papo hapo kwa uhai, sehemu 2,000 kwa milioni, kimewekwa hapo kwa sababu ya moto: ni sehemu ya kumi ya kiasi kinachotosha kuwaka.

Ngozi hukauka na kupasuka, kwa kuwa esta inaondoa mafuta yake. Hapa kuna kosa ninaloliona kila muhula: mtu anavaa glavu nyembamba za bluu za naitraili, anajiona amekingwa, anashika kitambaa kilicholowa robo saa nzima. Ethili asetati hupenya glavu hizo ndani ya dakika chache, na za lateksi hivyohivyo. Zinafaa kwa tone lililoruka, uzivue hapohapo. Kwa kazi ya kuloweka mikono, tafuta za mpira wa butili. Macho yanataka miwani ya kinga. Ikiingia, osha kwa maji yanayotiririka robo saa kisha uende kwa daktari. Aliyeimeza asitapishwe, maana ikirudi inaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali na chupa au lebo yake.

Kuhusu vyombo: kioo na chuma havina shida. Plastiki inategemea. Siku moja kijana wa mafunzo alikosa bika safi, akamimina mililita hamsini kwenye kikombe cheupe cha chai cha kutupa, kile chepesi cha polistairini. Alipogeuka kuchukua kalamu, kikombe kilikuwa kimekaa chini kama mtu aliyeishiwa nguvu, kitako kikawa uji mweupe, na esta yote mezani. Plastiki ngumu ya poliethilini, kama ya madumu, inastahimili. Mabomba ya PVC hayastahimili.

Hapo ndipo inapokuja habari ya kumwaga kwenye sinki. Usimwage. Mvuke wake utasafiri bombani na kutokea kwenye sinki la chumba kingine ambako mtu hajui chochote. Mabaki yaingie kwenye chombo chenye lebo, yasichanganywe na asidi ya naitriki wala vitu vingine vikali vyenye oksijeni, yachukuliwe na wanaohusika na taka za kemikali. Ikimwagika sakafuni, zima miali, usiguse swichi yoyote, fungua madirisha, nyunyiza mchanga mkavu, zoa uweke nje. Tanzania, anayeingiza au kuuza kemikali za aina hii lazima asajiliwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya 2003, na muuzaji halali atakupa karatasi ya usalama ya kemikali hiyo. Iombe. Asiyekuwa nayo, usinunue kwake.

Nibaki na chupa tupu. Majirani wanazipenda hizi chupa za kahawia; mmoja anataka ya asali, mwingine ya mafuta ya taa, na fundi mmoja wa kuchomelea aliwahi kuniomba pipa tupu la chuma alikate atengeneze jiko. Huyo nilimfuata hadi kibandani kwake. Katika chupa ya lita mbili na nusu, esta inayotosha kuifanya hewa ya ndani iwe ya kuwaka ni kati ya mililita 0.2 na mililita 1.1, yaani kile kinachobaki kimeshika kuta baada ya wewe kusema imeisha. Iliyojaa imefungwa na haina hewa ya kutosha. Iliyomiminwa mpaka tone la mwisho ndiyo imejipimia vizuri. Kwa hiyo zangu hazitoki siku hiyohiyo. Zinasuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yanakwenda kwenye chombo cha taka, lebo inabanduliwa, vifuniko vinatolewa, zinalazwa nje chini ya ukuta wa nyuma, midomo ikitazama kusikopita mtu. Na za asali sitoi.